Mgeni Aliyemtafuta Mwenye Kitambi

Mgeni alifika saa sita mchana, saa ambayo hapa Katumba mtu hamtembelei mwenzake bila sababu. Aliegemeza baiskeli kwenye ukuta wa jiko, akavua kofia, akasimama katikati ya uwanja akiangaza macho huku na huku kama mtu aliyekuja kununua kiwanja. Salamu yake ilikuwa ya Kisukuma, na fimbo ya kuchungia ilikuwa imefungwa kwenye bomba la baiskeli. Alikuwa mtu mzima mwenye miguu myembamba, na kitambi kilicholikaza shati mpaka vifungo vikavutana.

"Namtafuta Mzee Pontien," alisema.

Baba alikuwa nyuma ya nyumba akipanga kuni za bani la kukaushia tumbaku. Alitokea akijifuta mikono. "Ndiye mimi. Karibu."

Mgeni alimtazama, kisha akautazama mlango wa nyumba, kana kwamba Mzee Pontien wa kweli angetokea humo. "Hapana, baba. Namtaka yule mwenye kitambi. Yule msemaji wa harusi."

"Ndiye mimi," Baba alirudia. "Kitambi nimekiacha njiani. Ukikikuta usinirudishie."

Nilicheka. Mgeni hakucheka. Aliomba maji, nikamletea jagi. Alilimaliza, akaomba jingine, akalimaliza na hilo, akipumua kwa nguvu kati ya kikombe na kikombe. Alisema anatafuta fahali wake aliyepotea, mwekundu, mwenye pembe moja iliyovunjika. Lakini maswali yake hayakuwa ya fahali. Aliuliza Baba ana watoto wangapi. Aliuliza babu yetu alifariki kwa ugonjwa gani. Aliuliza kama Baba bado analima mwenyewe au analimiwa. Mwisho akauliza kwa sauti ya chini, macho yake yakiwa kwenye mabega ya Baba:

"Na wewe, baba, unaumwa nini?"

"Siumwi."

"Mtu hapungui hivyo bila kuumwa."

Baba alitabasamu, lakini niliuona mkono wake ukivuta suruali juu. Mkanda wake alikuwa ameutoboa tundu jipya kwa msumari, na ncha yake ilining'inia mpaka pajani.

Mgeni alipoondoka, mdogo wangu Joséline alitoka chumbani alikokuwa amejificha, mikono mdomoni. "Mnamjua huyo? Ndiye Mzee Malale. Babake Masalu!"

Mama aliangusha ungo. Masalu ndiye kijana wa Litapunga aliyekuwa akimchumbia Joséline, na tulikuwa tunajua kwamba mwisho wa mwezi ndugu zake wangekuja kuomba. Hatukujua kwamba baba mtu angekuja kwanza peke yake kutuchunguza, akijifanya anatafuta ng'ombe.

"Amemkuta baba yenu amekauka hivi," Mama alisema. "Na hata koti hakuvaa."

Zamani Baba alikuwa hahitaji koti. Kwetu, siku ya kuomba mchumba, kila familia huweka mtu wa kusema kwa niaba yake, na mtu huyo lazima aonekane ameshiba. Baba alikuwa na sauti, alikuwa na maneno, na alikuwa na kitambi. Kila Jumamosi alialikwa mahali. Alikunywa pombe ya ndizi kutoka mkono wa kila mzee, alikula nyama ya kila upande, na watu walikipiga kofi kitambi chake wakisema, "Maneno yote yanatunzwa humu!" Sisi watoto tulitembea kwa maringo barabarani kwa sababu ya lile tumbo.

Mwaka jana akaanguka akiwa anapakia majani ndani ya bani. Hospitalini Mpanda wakamwambia ana sukari na presha. Mimi nilikuwa ndiyo kwanza nimerudi nyumbani na shahada yangu ya lishe, nasubiri kuitwa kazini, na sikuwa na kifaa chochote. Nilichukua uzi wa kufungia tumbaku, nikampima urefu kutoka kisigino mpaka utosini, nikaukunja uzi katikati, nikamzungushia kiunoni. Nilimweleza kwamba nusu ya urefu wake inatakiwa itoshe kuzunguka kiuno. Ncha za uzi hazikukutana. Zilisimama mbali, moja huku, moja kule, na kati yake tumbo la Baba likipanda na kushuka.

"Kwa hiyo nina deni la uzi," Baba alisema.

"Baba, usitanie. Mafuta ya humo ndani hayakai kimya kama ya mapajani. Yamezunguka ini, yamezunguka utumbo, yanaingiza uchafu wake kwenye damu. Ndiyo yanapandisha sukari na presha. Ndiyo yanampiga mtu kiharusi siku anacheka na wenzake."

Hakutania tena. Alipunguza pombe, akapunguza ugali, akaanza kutembea kila alfajiri mpaka kwenye reli na kurudi. Kitambi kiliondoka polepole, na Jumamosi zake zikaondoka nacho. Hakuna anayemwalika msemaji aliyekauka. Kanisani mwanamke mmoja alimshika Mama mkono akamwambia pole, bila kusema pole ya nini. Tulijua. Hapa kwetu, mtu akipungua, ugonjwa ni mmoja tu unaotajwa.

Ndiyo maana jioni ile, baada ya Malale kuondoka, Mama alipika kama mtu anayepigana. Alileta sombe la majani ya muhogo lililoelea kwenye mawese, ugali kama kichuguu, na kibuyu cha pombe alichokiomba kwa jirani.

"Kula," alimwambia Baba.

"Mama Emelyne, hiki chakula cha watu wangapi?"

"Cha tumbo lako. Mpaka mwisho wa mwezi liwe limerudi. Ng'ombe wenyewe wananenepeshwa kabla ya mnada."

"Kwani nauzwa mimi au binti yako?"

"Pontien, wakija kuomba wakukute na mwili. Wakishamchukua mtoto, kauka mpaka ubaki fito. Sitakuuliza."

Joséline alimsogezea Baba maji ya kunawa, na macho yake yalikuwa yakiomba. Baba akanawa. Akala siku ile na siku iliyofuata. Siku ya tatu nilimkuta alfajiri akizunguka nyumba, anapita dirishani kwangu, anapotea, anapita tena.

"Mbona huendi relini?" nilimuuliza.

"Pumzi inakataa. Lile sombe limenikalia hapa." Akaweka ngumi kifuani. "Emelyne, mimi ningependa kumpa mdogo wako kila kitu. Hili silimudu."

Mama alilia, kisha akatoa wazo jingine: mashati mawili, sweta, na koti juu. Baba akakubali. Hilo lilikuwa la nje, halikuingia kwenye damu.

Baada ya hapo nyumba haikutulia. Mama alifagia uwanja uliokwisha kufagiwa. Joséline alikuwa akisikia kengele ya baiskeli anakimbilia mlangoni. Mimi nilifungua simu, nikaangalia kama kuna tangazo la kazi, nikaifunga, nikaifungua tena. Nilikuwa na miaka ya kutosha darasani na sikuwa na neno la kumsaidia mtu yeyote humu ndani.

Jumatano huwa najitolea kwenye zahanati ya kijiji. Wananiachia kibaraza, benchi na kipimo cha sukari. Uzi naleta mwenyewe. Akina mama huja wengi. Wanaume huja kwa utani, wakivuta pumzi ili tumbo liingie ndani. "Wewe mtoto wa Pontien, unataka kutukausha wote!" Jumatano ile watu walikuwa wameisha, naingiza benchi ndani, nilipoiona baiskeli yenye fimbo.

"Fahali amepatikana, baba?" nilimuuliza.

Mzee Malale aliinamisha kichwa, akacheka kwa aibu. "Hakupotea." Aliangalia nyuma yake, akaangalia ndani. "Nimesikia unapima watu kwa uzi."

Nilimpima. Ncha hazikukaribiana hata kidogo.

"Lakini tazama miguu yangu," alisema. "Mimi si mnene. Mtu mnene ana mapaja. Mimi ni hapa tu."

"Hapo tu ndipo penyewe. Mtu anaweza kuwa na miguu ya mbuzi na akawa hatarini kuliko mwenye mapaja."

"Ya mbuzi!" Alijipiga paja. "Binti una mdomo kama babako."

Nilimuuliza kama anapata kiu. Akasema nilimwona mwenyewe alivyokunywa kwetu. Nilimuuliza kama usiku anaamka kwenda kukojoa. Akasema ili uamke lazima kwanza ulale, na yeye halali. Akikaa anataka kusimama, akisimama miguu inawaka moto na kufa ganzi. Nilimchoma kidole, nikaweka tone la damu kwenye kipimo. Namba ilipotokea nilidhani nimekosea. Nikachoma kidole kingine. Ilikuwa vilevile, juu sana, hata kwa mtu aliyetoka kula.

"Baba, hii si ya kusubiri. Mimi siyo daktari. Nenda Mpanda, hospitalini, wakupime vizuri, wakuanzishie dawa. Hata kesho."

Alikaa akikitazama kidole chake. "Nilimuuliza babako anaumwa nini," alisema, "na nyie mkadhani ni mambo ya posa. Nilikuwa nataka kujua. Nilimwona amepungua na bado amesimama."

"Basi ongea naye. Atafurahi."

"Hapana!" Alinishika mkono. "Usimwambie babako. Usimwambie mdogo wako, wala kijana wangu. Na kaka yangu Nyanda asisikie hata kwa ndoto. Mimi ndiye ninayeshika ng'ombe wa ukoo. Kwetu mtu akisikika ana ugonjwa, ng'ombe wanaanza kugawanywa huku anatazama. Niahidi."

"Sitasema."

"Sema tena."

"Sitamwambia mtu yeyote, baba. Nawe niahidi utakwenda Mpanda."

"Nitakwenda. Shughuli ikiisha."

Nilimsindikiza kwa macho akiisukuma baiskeli kwenye vumbi badala ya kuipanda. Nilijisikia, kwa mara ya kwanza tangu nimalize chuo, kama mtu mwenye kazi. Sikufikiria kwamba ile ahadi ingekuja kuwa na bei.

Jumamosi ya mwisho wa mwezi walikuja. Tuliwatandikia turubai, tukawapanga kwenye viti vya plastiki, sisi upande huu, wao upande ule. Katikati Mama aliweka chungu cha pombe ya ndizi chenye mirija mirefu. Baba alikaa mbele kabisa, kwenye kiti cha msemaji wetu, mnene wa mashati mawili, sweta na koti, jua la Katavi likimchoma. Jasho lilimtiririka mpaka kidevuni. Mzee Malale alikaa mkabala naye. Naye alikuwa akitoka jasho, na yeye alikuwa amevaa shati moja tu.

Msemaji wao alikuwa Nyanda, kaka mkubwa wa Malale, mzee mrefu wa sauti nzito. Alisema vizuri. Alisifu nyumba, akasifu mabani, akasifu malezi ya binti. Kisha akainama kwenye mrija, akavuta, akaupitisha kwa Baba.

Baba aliugusa kwa midomo, akaurudisha.

"Mwenyeji hanywi?" Nyanda aliuliza.

"Nanywa maji."

"Mtu anaozesha binti kwa maji? Jamani, hata kama ni ulokole!" Upande wao wakacheka. Halafu Nyanda akaacha kucheka. "Wakwe, tuseme wazi. Tumesikia maneno. Tumesikia mwenye nyumba hii anaumwa, na ugonjwa wenyewe unatajwa kwa kunong'ona. Sisi tunampeleka kijana wetu wapi?"

Niliona Mama akifunga macho. Baba alisimama. Alivua koti, akaliweka kwenye kiti. Akavua sweta. Akafungua vifungo vya shati la juu, akalivua nalo, akabaki na lile moja, ambalo lilimpwaya. Hakuna aliyecheka. Kisha ikatoka ile sauti ya Jumamosi, ambayo sikuwa nimeisikia kwa muda mrefu.

"Mimi nimewasemea watu wengi. Leo niacheni nijisemee. Ugonjwa mnaonong'ona sina. Nina sukari na presha. Nilivipata kwenye kile kitambi mlichokuwa mnakipiga makofi. Nimekipunguza kwa miguu yangu na kwa kujinyima, kwa sababu nataka kumwona huyu mtoto akilea watoto wake. Kilichowaficha hilo ni hili koti. Sasa niulizeni chochote."

Nilitaka kupiga kelele kwa fahari. Joséline alikuwa ameshika kiganja changu, akikibana.

Nyanda aliurudisha mrija chunguni. "Tunashukuru kwa ukweli," alisema, na hakusema kwa ubaya. "Nasi tuseme ukweli wetu. Kwetu mke anaangaliwa ukoo. Sukari inatembea kwenye damu. Leo baba, kesho binti, keshokutwa wajukuu wetu. Ukoo wetu hauna kitu hicho. Hata mmoja." Akamwekea Malale mkono begani, akamtikisa kwa mapenzi. "Mtazameni mdogo wangu alivyojaa. Huyu hajawahi kulala hospitali."

Mzee Malale alitazama chini. Jasho lilidondoka kutoka puani mwake likaingia kwenye vumbi.

Nilisimama bila kuruhusiwa. "Baba mkubwa, naomba kusema. Ni kweli ugonjwa huu unaweza kufuata ukoo. Lakini zaidi unafuata tumbo, na tumbo linapungua. Joséline akila vizuri na akafanya kazi, anaweza asiuone kabisa. Na wengi wanao hawajui. Kila ukoo unaweza kuwa nao."

"Kila ukoo?" Nyanda aligeuka mzima mzima. "Na wa kwetu?"

"Nimesema unaweza."

"Hapana, binti msomi. Umewahi kumpima mtu wa kwetu? Kama umempima, mtaje. Ukimtaja, mimi nafunga mdomo wangu na ng'ombe wanakuja kesho."

Turubai lote liligeuka kunitazama. Mzee Malale aliinua macho. Sijawahi kutazamwa vile na mtu mzima. Alikuwa kama mtoto aliyekamatwa. Nilimngoja. Moyoni nilimwomba: sema mwenyewe, baba, maneno mawili tu, mwenzako amevua shati mbele za watu. Kiganja cha Joséline kilikuwa bado kwenye changu. Malale aliishika chupa ya soda kwa mikono miwili.

"Ninachokijua ndicho nilichosomea," nilisema, nikakaa.

Hawakugombana nasi. Walikula, wakashukuru, wakasema watarudi wakishazungumza. Kila mtu pale alijua maana ya kuzungumza kusikotajiwa siku. Walipokuwa wakiondoka nilimfuata Mzee Malale kwenye baiskeli.

"Binti," alisema bila kunitazama, "mimi..."

"Nenda Jumatatu," nilimwambia. "Nenda mapema, usinywe hata chai, ili wakupime vizuri. Ukifika uwaambie na habari ya miguu kufa ganzi. Usisahau hiyo."

Alitikisa kichwa kukubali, akatikisa tena. Akaisukuma baiskeli akiwafuata wenzake.

Nilikaa nyuma ya jiko na beseni la glasi. Mbele ya nyumba Mama alikuwa akikunja turubai, akiburuta viti kwa hasira. Joséline alikuja akasimama mbele yangu. Alikuwa ameacha kulia.

"Masalu kaniambia kitu," alisema. "Jumatano ile aliiona baiskeli ya babake pale zahanati. Alifuata nini kwako?"

Niliosha glasi.

"Dada, nimekuuliza."

"Nimesikia, Jose."

"Alikuja kupima, siyo? Umemwona babake anavyotoka jasho. Umemwona anavyokunywa maji. Sema ndiyo tu. Sema ndiyo, mimi namwambia Masalu sasa hivi, Masalu anamwambia Nyanda, na ile habari ya ukoo msafi inaisha leo leo."

"Siwezi."

"Huwezi nini? Kusema ndiyo?" Alipiga magoti, uso wake karibu na wangu. "Mimi ni mdogo wako. Yule ni nani kwako? Amekaa pale kama gunia, Baba anavuliwa nguo mbele za watu, na bado unamtunza?"

Nilitaka kumwambia kwamba kama mtu mmoja akipima na siri yake ikatembea mpaka Litapunga, Jumatano nyingine kile kibaraza kitakuwa kitupu, na wanaume wote wenye vifungo vinavyovutana watabaki majumbani mwao mpaka siku watakayoanguka. Lakini hata hilo lingekuwa kumjibu.

"Siwezi, Jose," nilisema.

Alisimama, akajifuta mavumbi magotini. "Basi kesho usiniamshe twende wote kanisani," alisema. "Nitakwenda na Mama." Akaondoka, na nikausikia mlango wa chumba chetu ukifungwa kwa komeo kutoka ndani.

Nilichukua glasi nyingine, nikaiosha.